UZI: Mbwa wa polisi hataji mwizi. Soja (mlinzi) wetu amevunjwa mkono kwa sababu hatukulijua hilo

#1 Binti wa Lines

Habari zenu wanajukwaa. Naandika nikiwa na uchungu, mtanivumilia nikionekana mkali.

Jumamosi iliyopita alfajiri, duka la jumla linalopakana na ploti yetu huku Eastlands lilikutwa limevunjwa. Sukari, mafuta ya kupikia, marobota ya unga, pamoja na simu ya kazi ya mwenye duka, vyote vimekwenda. Mwenyewe akakimbilia kituoni kupiga ripoti, na kwa bahati siku hiyo askari walifika mapema, pamoja na mbwa. Kufikia hapo wakaazi tulikuwa tumeshajaa mlangoni. Wengine wameingia hadi ndani kuangalia kilichobaki, watoto wanakanyaga unga uliomwagika sakafuni.

Askari wa mbwa akauliza kama kuna kitu ambacho mwizi amekishika. Mwenye duka akatoa kufuli mfukoni, lile kubwa la shaba, limekatwa shingo. Mbwa akalinusa, akazunguka mara mbili pale kwenye kokoto, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuvuta kamba. Hakwenda mbali. Alivuka mtaro, akampita mama wa mandazi bila hata kugeuka, akafika kwenye kibanda cha soja wa ploti ya ng'ambo. Akaingiza pua kwenye blanketi la soja na kusimama hapo, mkia juu.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Ndiye!" Sikuona tena mbwa, niliona migongo ya watu. Askari walipofaulu kumtoa yule mzee mikononi mwa umati, mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika na jicho limevimba. Ni mtu wa miaka sitini na kitu. Amelinda pale tangu mimi nahamia, na usiku wa mvua ndiye anayenimulikia tochi nikishuka kwenye matatu.

Jioni nikaenda kumwona mke wake. Akaniambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: saa kumi na nusu mumewe akizunguka aliliona lile kufuli chini, akaliokota, akalitia kwenye mfuko wa koti ili lisipotee, akarudi kibandani kukaa nalo mpaka mwenye duka alipofika. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa mwenye duka kufuli hilo.

Sasa tafakarini. Mbwa alinusishwa kufuli lililokaa zaidi ya saa moja kwenye koti la soja. Akafuata harufu hiyo. Akafika kwa soja. Mbwa alifanya kazi yake sawasawa kabisa. Tuliokosea ni sisi.

Baba yangu alikuwa askari wa mbwa mpaka alipostaafu. Nimelelewa kwenye lines, makazi ya polisi, na usingizi wangu wa utotoni ulikuwa wa kubwekewa. Nataka kueleza ninachokijua, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "mbwa hadanganyi" kana kwamba hiyo ni hukumu.

#2 Binti wa Lines

Naendelea, maana ni marefu.

Kikosi cha mbwa cha polisi wa Kenya kilianzishwa mwaka 1948, na makao yake yako hapa Nairobi, upande wa Lang'ata. Watu wengi hudhani mbwa wa polisi ni mbwa mkali tu aliyevalishwa mshipi. Ukali ni sehemu ndogo sana ya kazi. Wapo wanaofundishwa kumkamata mtu anayekimbia au kulinda askari kwenye vurugu, lakini kazi kubwa ya siku hadi siku ni pua.

Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu kama milioni tano au sita. Ya mbwa, kwa kutegemea aina yake, huwa na zaidi ya milioni mia mbili. Halafu itazame pua yenyewe kwa karibu siku moja. Pembeni mwa kila tundu kuna mpasuko mdogo. Mbwa akivuta hewa huivuta kwa mbele, akiitoa hutokea pale pembeni, hivyo pumzi yake haipeperushi ile harufu anayoitafuta. Baba alikuwa akipiga magoti kwenye vumbi la uwanja ili nione: pua ya mbwa iko juu tu ya ardhi, na vumbi linaruka kulia na kushoto, halirudi mbele.

Mbwa wa kufuata nyayo anafuata nini? Ngozi yetu hupukutika kila dakika, chembe ndogo zisizoonekana, zenye jasho na bakteria wetu. Huo ni mchango wa mwili. Upande wa pili ni ardhi yenyewe: mguu ukikanyaga nyasi huzivunja, ukikanyaga udongo huufumua, na harufu ya jeraha hilo la ardhi hukaa kwa muda. Kwenye shamba lenye umande asubuhi, njia ya mtu huwa wazi kwa mbwa kama ilivyo barabara kwetu. Ndiyo maana huko mashambani mbwa wamesaidia sana kwenye wizi wa ng'ombe.

Nairobi ni habari nyingine. Lami imepata jua, mtaro unanuka, moshi wa matatu, mafuta ya gereji, na watu mia tano wamepita tangu alfajiri. Mwizi akipanda boda, njia inakatika pale alipoinua mguu. Na mbwa akishikwa na joto akaanza kuhema, hawezi kunusa vizuri, kwa kuwa kuhema na kunusa havifanyiki pamoja. Baba alikuwa na kauli yake kila mtu akimwuliza kama mbwa wake atamshika mwizi: "Mbwa ananionyesha mahali. Jina nalitafuta mimi."

Hilo ndilo lilikosekana Jumamosi. Mbwa alionyesha mahali. Umati ukatoa jina.

#3 Kijana wa Umoja

Pole kwa mzee. Lakini dada, nikuulize bila ubaya: je, kama soja alishirikiana nao? Visa vya walinzi kufungua mlango kwa wezi tunavijua wote. Hiyo habari ya kufuli ameisema mke wake. Mke atasema nini kingine?

#4 Binti wa Lines

Swali lako ni la haki na sitakujibu kwa hasira. Inawezekana. Sijui moyo wa mtu. Ninachosema ni kwamba yule mbwa hakutuambia lolote kuhusu hilo. Awe alishirikiana, awe hakushirikiana, mbwa angefika pale pale, maana koti lake lilikuwa limeshalala na kufuli. Ushahidi unaotoa jibu lile lile kwa mwenye hatia na kwa asiye na hatia hauwezi kuwatenganisha.

Na si mke peke yake. Nilimwuliza mwenye duka. Akakubali kwamba kufuli alilipokea kutoka kwa soja. Alikuwepo wakati mzee anapigwa na hakusema. Anadai alichanganyikiwa.

#5 Wakili wa Mtaa

Nimefuata uzi huu kwa makini, na nataka kuongeza upande wa mahakama, kwa sababu jambo hili si geni kwa majaji wetu.

Kuna kesi ya Omondi na mwenzake dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1967, ambayo mpaka leo hutajwa kila ushahidi wa mbwa unapoletwa. Mahakama haikuukataa ushahidi huo. Ilisema unaweza kupokelewa, ila kwa tahadhari kubwa. Kwanza askari anayemwongoza mbwa aeleze uzoefu wake na sifa zake. Kisha mahakama ielezwe kuhusu mbwa huyo mwenyewe: amefundishwa vipi, tabia yake ni ipi, uwezo wake umeonekana wapi. Mbwa huyo hasa, si mbwa wa polisi kwa jumla. Pia iangaliwe mazingira ya ule ufuatiliaji na kama kulikuwa na nafasi ya njia kuvurugika. Na mahakama isiwe na imani ya upofu juu ya mbwa.

Chukueni kisa hiki cha Eastlands mkiweke kwenye mizani hiyo. Eneo limekanyagwa na watu wote wa ploti. Kitu kilichonusishwa kimepita mikono mitatu: mwizi, soja, mwenye duka. Wakili yeyote wa utetezi angeuliza swali moja tu, kufuli lilikuwa wapi kati ya saa kumi na nusu na saa mbili, na habari ingeishia hapo. Mahakama ingechukua nusu siku kulifikia swali hilo. Umati haukuchukua hata dakika.

Binti wa Lines, mshauri mzee aandikishe taarifa kituoni kuhusu kupigwa kwake. Kushambuliwa ni kosa la jinai, hata kama waliomshambulia walikuwa arobaini.

#6 Binti wa Lines

Asante sana wakili. Baba aliwahi kusimama kizimbani, na alituambia maswali yalikuwa kuhusu mbwa kuliko kuhusu mshtakiwa. Mara ngapi amekosea? Hufanya nini akikosea? Alikuwa na daftari la jalada la kijani ambalo kila zoezi aliliandika: tarehe, hali ya hewa, muda, alichoficha, kama Duma amekipata au la. Duma ndilo jina la mbwa wake. Mama alikuwa akilalamika kwamba daftari hilo linatunzwa kuliko vyeti vya watoto. Kizimbani lilimwokoa. Alionyesha hata siku ambazo Duma alishindwa, na alisema hakimu alimwamini kwa sababu ya kurasa hizo.

#7 Abiria wa Syokimau

Mimi kila mwezi napanda treni ya SGR kwenda Mombasa. Pale Syokimau kabla ya kuingia tunaambiwa tupange mizigo chini kwa mstari, sisi tunasimama kando, halafu mbwa anapitishwa. Juzi mbwa alipita begi langu, akarudi, akanusa tena, moyo ukanishuka. Nilikuwa na chapati na kuku wa kukaanga wa mama. Akaendelea na safari yake. Naomba kujua: ananusa nini? Na kwa nini hawezi kutafuta kila kitu kwa mpigo mmoja, bangi, bunduki, mabomu?

#8 Binti wa Lines

Swali zuri, na hapa ndipo baba akianza kueleza chai hupoa.

Mbwa hajui bangi ni hatia. Hajui bomu huua. Anachokijua ni kwamba harufu fulani huleta mchezo. Mbwa mdogo huchaguliwa kwa uchu wake wa mpira: ukiurusha kwenye majani marefu, wengine watatafuta dakika moja na kukata tamaa, mmoja atatafuta mpaka usiku. Huyo ndiye. Baba alitumia taulo kuukuu lililoviringishwa na kufungwa kamba. Taulo linawekwa pamoja na harufu inayofundishwa. Mbwa akilipata, wanavutana, wanacheza, anasifiwa. Baadaye taulo linaondolewa, inabaki harufu peke yake, na mbwa akiipata ndipo taulo linatoka mfukoni mwa askari. Kwa mbwa, miaka yote ya kazi ni kutafuta taulo lile.

Chakula kwenye mizigo hufundishwa kukipuuza. Wakati wa mazoezi nyama huwekwa makusudi, na akiijali hapati mchezo. Kuku wa mama yako alimvutia, akakumbuka kazi.

Kuhusu kazi zote kwa mpigo: mbwa wa vilipuzi na mbwa wa dawa za kulevya kwa kawaida huwa tofauti, na sababu yake ni nzito. Mbwa akiketi mbele ya begi, askari lazima ajue papo hapo maana yake nini. Kama ni bangi, anamtafuta mwenye begi. Kama ni kilipuzi, anaondoa watu wote stesheni. Mbwa mmoja akifundishwa vyote viwili, kuketi kwake kunakuwa fumbo. Vile vile mbwa wa vilipuzi hufundishwa kuketi au kusimama kimya tu, bila kukwaruza wala kubweka, kwa kuwa kugusa kunaweza kulipua.

Sasa lile la kusimama kando. Zingatia sana, kwa sababu linahusu kisa chetu. Mizigo inatengwa na watu ili mbwa anuse mizigo, na pia ili askari asiangalie nyuso. Mbwa humsoma mtu wake kuliko anavyosoma kitu kingine chochote duniani. Askari akimshuku mtu, kamba inakaza kidogo, hatua inapungua, pumzi inabanwa. Mbwa anaona yote hayo. Anaketi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha California, Davis, waliwajaribu askari 18 na mbwa wao kwenye kanisa ambalo halikuwa na dawa wala kilipuzi chochote. Waliwaambia askari kwamba karatasi nyekundu zinaonyesha palipofichwa harufu. Hapakuwa na harufu popote. Misako ilikuwa 144, na iliyokwisha bila mbwa kuripotiwa kuonyesha kitu ilikuwa 21 tu. Na pale penye karatasi nyekundu ndipo ripoti zilipojaa. Kilichoongoza ripoti ni imani ya askari.

Kwa hiyo mbwa wa polisi si chombo kama kipima joto. Ni viumbe wawili waliofungwa kamba moja. Ukitaka kumjua mbwa, mjue askari.

#9 Mama Wawili

Nimesoma hapo nikanyamaza. Mimi nilikuwepo Jumamosi. Sikumpiga mzee lakini nilipiga kelele. Sitajitetea.

#10 Mkaazi wa South C

Assalaam alaykum. Mada nzuri na imeelezwa kwa adabu, kwa hiyo nami nitaeleza jambo ambalo majirani zetu wasio Waislamu huenda hawalielewi.

Polisi wanapoingia nyumbani kwa Mwislamu na mbwa, si woga wala ukaidi unaowafanya wazee wapinge. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa pataoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa akipita na pua yenye unyevu juu ya msala, vyombo, nguo za swala, nyumba nzima ina kazi ya siku mbili. Bibi yangu alilia siku moja walipopekua jengo letu. Hakulia kwa kupekuliwa. Alilia kwa sababu hakuombwa hata dakika moja ya kukunja msala wake.

Lakini pia niseme haki: dini haikatai mbwa mwenye kazi. Sura ya Al-Maida, aya ya nne, inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Mbwa aliyefundishwa ana nafasi yake. Na kwa mafundisho ya fiqhi, yaani sheria za dini, kikavu kikigusa kikavu hakinajisi. Kinachohitajika ni utaratibu na heshima tu.

#11 Binti wa Lines

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nimempigia baba simu nikamsomea ujumbe wako wote. Alinyamaza, kisha akasema wao huko Eastleigh walikuwa na sajini mmoja Mwislamu aliyewafundisha kugonga, kueleza, kuwapa wenyeji nafasi ya kuondoa misala na vyombo huku askari wakiangalia, ndipo mbwa aingie. Ilichukua dakika tano. Alisema nyumba walizoingia hivyo watu waliwaonyesha hata stoo ambazo wasingeziona. Sajini alipohamishwa, utaratibu ukaondoka naye.

Hilo ndilo linaloniumiza: jambo jema lilikaa kwa mtu mmoja, halikuandikwa popote.

#12 Mjukuu wa Cucu

Mimi nina upande mwingine. Cucu wangu, yaani bibi yangu, aliyezaliwa Nyeri, mpaka anafariki hakuweza kupita karibu na mbwa mwenye mshipi. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, mbwa wa kufuata nyayo walitumiwa kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau misituni. Alisimulia jinsi vijana walivyotembea ndani ya mto ili kukata harufu, na jinsi waliobaki vijijini walivyosikia mbwa wakibweka ng'ambo ya mtaro na kujua kuna nyumba italia usiku huo. Binti wa Lines anasema kikosi kilianza 1948. Hesabuni wenyewe miaka.

Sisemi mbwa wa leo ni wale. Nasema mtu mzima akikimbia anapoona mbwa wa polisi, msiseme "kwa nini akimbie kama hana hatia". Wengine wamerithi mbio hizo.

#13 Binti wa Lines

Nimeipokea, na sina la kuongeza. Poleni kwa cucu.

#14 Mtu wa 98

Ningependa kuwaambia kuhusu mbwa wa aina nyingine. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa kibarua River Road. Baada ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani tulikimbilia kule Haile Selassie, na nilikuwa miongoni mwa waliochimba vifusi vya jengo la Ufundi kwa mikono mitupu. Waliokufa hapa Nairobi walikuwa 213. Waisraeli walipokuja na mbwa wao wa uokoaji, kitu cha kwanza walichotaka ni tunyamaze. Tulikuwa maelfu. Mbwa alipanda kwenye zege lililovunjika, polepole, akisimama, akigeuza kichwa. Sijawahi kusikia ukimya kama ule katikati ya Nairobi. Hata watu wa matatu walizima injini.

Nakumbuka hilo nikisoma habari za Jumamosi. Watu wa jiji hili hili walinyamaza siku ile ili mbwa afanye kazi.

#15 Binti wa Lines

Mzee, umenifanya nilie. Baba hakuwepo kwenye vifusi lakini alinisimulia kwamba mbwa wa uokoaji wakitafuta siku nzima bila kupata mtu hai huanza kuvunjika moyo. Kwa hiyo askari humwomba mtu ajifiche mahali salama ili mbwa ampate, afurahi, apate nguvu ya kuendelea. Naye alifanya vivyo hivyo kwa Duma. Wakitoka kwenye msako mrefu bila matokeo, kabla ya kurudi Lang'ata alikuwa akisimamisha gari, anaficha kitu chenye harufu ya mazoezi kwenye majani, anamwachia. Hakuwahi kumrudisha bandani akiwa ameshindwa.

#16 Dereva wa Mizigo

Niongeze moja fupi. Pale uwanja wa ndege wa JKIA na bandarini Mombasa wapo mbwa wa KWS, shirika la wanyamapori, wanaotafuta pembe za ndovu na za vifaru. Mradi wenyewe ulianza 2014 pamoja na shirika la African Wildlife Foundation, na askari pamoja na mbwa walipata mafunzo Tanzania, kule Usa River karibu na Arusha. Nimewaona wakifanya kazi kwenye mizigo. Askari na mbwa wake hawabadilishwi ovyo, ni wawili wale wale. Nikiona hivyo namkumbuka dada anaposema viumbe wawili kwenye kamba moja.

#17 Kijana wa Umoja

Nimerudi. Nakubali hoja ya kufuli. Sasa tufanye nini siku nyingine? Maana wezi hawajaacha.

#18 Binti wa Lines

Nimekaa na baba jana jioni, nikaandika alichosema kama alivyosema.

Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie. Hata kama ni duka lako. Usiokote kitu, na ukiona mwingine anaokota mzuie kwa upole. Kama kuna alama ya kiatu au kitu kilichoanguka, chukua beseni au karai ulifunike juu yake, taratibu, kingo ziguse ardhi. Linazuia jua, upepo, kuku na watoto. Mtu mmoja asimame karibu, mmoja tu, na akumbuke alikopita. Wengine warudi majumbani au wasimame ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo hautoki kwao kuja mlangoni.

Askari akifika, mwambieni ukweli wa kila aliyegusa, hata kama mnaona aibu. "Kufuli limeshikwa na soja na mimi." Sentensi hiyo moja ingetosha. Askari angeomba kitu kingine, au angewasimamisha soja na mwenye duka karibu na mbwa kwanza ili harufu zao ziondolewe kwenye hesabu. Kazi hiyo hufundishwa.

Na mbwa akifika mahali akasimama, nyamazeni. Hapo ndipo askari anaanza kazi yake: nani analala hapa, nani amepita hapa, kitu hiki kilipitia mikono ya nani.

Baba aliongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema askari wa Jumamosi naye ana lawama. Alipaswa kuuliza kufuli limetoka wapi kabla ya kumnusisha mbwa, na alipaswa kuwarudisha watu nyuma kabla hajaanza. Alisema hivyo kwa uzito, akitazama mikono yake. Ni mara ya kwanza kumsikia akimlaumu askari wa mbwa mbele ya mtu asiyekuwa polisi.

#19 Mama Wawili

Wanachama wa Nyumba Kumi, kundi la majirani la usalama wa mtaa, wa hapa kwetu tumekutana leo baada ya kanisa. Tumechanga pesa za hospitali, si zote lakini zimepita nusu. Nilisimama mbele ya watu nikasema nilipiga kelele. Wawili wengine wakasimama. Waliomvunja mkono hawakuja.

#20 Wakili wa Mtaa

Mama Wawili, umefanya jambo gumu. Waliosimama waandike taarifa wakiwa bado wanakumbuka nyuso. Mzee ataihitaji.

#21 Binti wa Lines

Nimetoka hospitalini sasa hivi. Mzee ametiwa plasta hadi juu ya kiwiko, jicho limeanza kufunguka. Nilimpelekea uji na nikamweleza haya yote, habari ya harufu, ya kufuli, ya mfuko wa koti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yule mbwa hakumtisha. Alipoingiza pua kwenye blanketi, mzee alikuwa amemshika kichwani, akidhani amekuja kumsalimia, kwa sababu mikia ya mbwa anaijua.

Aliniuliza swali moja. Blanketi lake lilichukuliwa kama ushahidi na usiku kuna baridi. Anataka kujua litarudishwa lini. Kesho asubuhi naenda kituoni kuliulizia. Anayeweza kunisindikiza aniandikie.